Krona si Taji: Asili ya Majina ya Fedha za Nchi za Kaskazini ya Ulaya

Miongoni mwa maneno tunayoletewa mara kwa mara ili tuyatolee shauri, yako machache ambayo kwa sura ni mepesi, lakini yakichimbuliwa huonekana kuwa na mizizi mirefu kuliko ilivyodhaniwa. Majina ya fedha za nchi za Kaskazini ya Ulaya ni ya jamii hiyo. Siku zilizopita tulionyeshwa nakala ya mkataba wa ujenzi wa zahanati, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza na watu wawili waliogawana kurasa. Katika ukurasa wa kwanza msaada uliotolewa ulikuwa "taji 400,000 za Kiswidi". Katika ukurasa wa nne fedha hizo hizo zilikuwa "kroni 400,000". Katika jedwali la mwisho zikawa "korona", na nchi haikutajwa. Mhasibu aliyetakiwa kutia sahihi alikataa, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haya ni mafungu mangapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mtu asiyejua kwamba maneno hayo matatu yalikusudiwa kutaja kitu kimoja angeweza kudhani kwamba zahanati ile imepata wafadhili watatu, na mmoja wao anatoa mataji. Wala jambo hili si geni kwetu. Tangu mwaka 1963, Tanganyika ilipotiliana sahihi na Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi ili kujenga kituo cha elimu, kilimo na afya cha Kibaha, kituo ambacho serikali yetu ilikabidhiwa mwaka 1970, barua na mikataba yenye fedha za nchi hizo imepita katika ofisi zetu bila kukoma. Hata hivyo kila mtafsiri amekuwa akijiamulia mwenyewe jina la kuzipa. Kabla ya kutoa maoni yetu tumeona ni vema kuyafuata majina hayo hadi yalikotoka, kwani ni vigumu kuamua neno litafsiriwe au likopwe bila ya kujua kwanza limebeba nini.

Tuanze na neno lenyewe. Waswidi huandika "krona", na zikiwa nyingi "kronor". Watu wa Denmaki na wa Norwe huandika "krone", na kwa wingi "kroner". Watu wa Aislandi huandika "króna", na wingi wake ni "krónur". Katika lugha zote hizo neno hilo, mbali na fedha, lina maana ya taji la mfalme. Chimbuko lake ni Kilatini, "corona", yaani shada la majani walilovikwa washindi wa Kirumi. Na Kilatini nacho kilikuwa kimelipokea kutoka Kiyunani. Kuiita sarafu kwa jina la taji hakukubuniwa Kaskazini. Wafaransa na Waingereza walikwisha kuwa na sarafu za jina hilo, na sababu ilikuwa nyepesi: taji lilichorwa juu yake. Huko Denmaki mfalme Christian wa Nne alitoa sarafu iliyoitwa krone mwaka 1618. Lakini krone ile ilikuwa sarafu moja tu miongoni mwa nyingi, wala haikuwa kipimo ambacho mali yote ya nchi ilihesabiwa kwacho. Heshima hiyo ilikuja baada ya zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, na namna ilivyokuja ndiyo inayotuhusu zaidi katika makala haya.

Katikati ya karne ya 19 kila mojawapo ya nchi tatu za Skandinavia ilihesabu fedha zake kwa "daler". Jina lilikuwa moja lakini thamani zilitofautiana. Uswidi ilikuwa na "riksdaler", Denmaki "rigsdaler", na Norwe "speciedaler". Mfanyabiashara aliyevuka mlango wa bahari kutoka Copenhagen kwenda Malmö, safari ya saa chache kwa jahazi, alipaswa kujua kwamba daler aliyoiacha nyuma na daler anayoikuta mbele si ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1873 Uswidi na Denmaki zilifanya mapatano ya kuwa na kipimo kimoja chenye msingi wa dhahabu. Kilo moja ya dhahabu safi ilihesabiwa kuwa krona 2,480. Kipimo hicho kipya kilipachikwa juu ya vipimo vya zamani kwa hesabu ambayo hata mtoto wa shule angeweza kuishika: riksdaler moja ya Uswidi ikawa krona moja, rigsdaler moja ya Denmaki ikawa kroner mbili, na speciedaler moja ya Norwe ikawa kroner nne.

Bunge la Norwe lilikataa kuingia katika umoja huo mwaka 1873, likakubali mwaka 1875. Katika miaka hiyo ya kusitasita Norwe ilitoa sarafu ambazo sisi watu wa istilahi hatuna budi kuzipenda. Juu ya sarafu moja ya dhahabu paliandikwa thamani mbili: kroner 10, na speciedaler 2½. Juu ya sarafu ndogo paliandikwa øre 10, na skilling 3. Kila mwananchi aliyetia mkono mfukoni alitoa kamusi ndogo yenye neno la zamani upande huu na neno jipya upande huu. Ni mara chache serikali kubadili istilahi kwa upole wa namna hiyo.

Kwa nini basi likachaguliwa jina la krona, na daler ikaachwa? Sisi twaona kwamba jina la daler lilikuwa limekwisha kuharibika kwa wingi wa matumizi. Kama lingalibakizwa, kila muuzaji angaliuliza: "Daler ipi?", kama alivyouliza mhasibu wetu. Jina la krona lilieleweka katika lugha zote tatu bila ya kufasiriwa, halikuwa mali ya nchi moja peke yake, na nchi zote zilikuwa za kifalme. Lilikuwa jina la mapatano. Sarafu za nchi hizo tatu zilipokewa kwa thamani sawa popote katika umoja, na kwa miaka karibu arobaini mtu hakuwa na haja ya kuuliza krona anayopewa imetoka katika ufalme gani.

Vita vya mwaka 1914 vilivunja mpango huo. Kila nchi ilisimamisha desturi ya kubadilisha noti kwa dhahabu, na kutoka hapo kila krona ikashika njia yake. Jina likabaki moja, na thamani zikawa tatu, kisha nne Aislandi ilipokuwa na fedha zake yenyewe. Ajabu ni kwamba jina lililochaguliwa ili kuondoa utata limekuwa lenyewe ndilo chanzo cha utata. Mtafsiri anayeandika "krona" peke yake, bila kutaja nchi, anaandika kana kwamba mwaka 1914 haukuwahi kufika.

Neno "daler" lililotupwa halistahili kupitwa upesi, kwa maana sisi wenyewe tunalo nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 16 fedha nyingi ilichimbwa katika bonde moja la milima ya Bohemia lililoitwa Joachimsthal, yaani Bonde la Joakimu, na leo mji wa hapo huitwa Jáchymov katika Jamhuri ya Cheki. Sarafu kubwa nzito zilizofuliwa kwa fedha hiyo ziliitwa "Joachimsthaler", na kwa kufupisha, "thaler". Maana yake halisi ni "ya bondeni", wala haina zaidi. Waholanzi walilitamka "daalder", watu wa Kaskazini "daler", Waingereza "dollar". Thaler yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na tarehe ya mwaka 1780 ilivuka bahari ikatumika Uarabuni, Uhabeshi na katika pwani yetu. Hapa wazee wetu waliiita reale, kwa jina la sarafu ya Kireno na Kihispania, ambalo katika lugha hizo maana yake ni "ya kifalme". Basi jina la fedha lenye ufalme ndani yake lilikwisha kupita vinywani mwa watu wa Mombasa na Unguja, na hakuna aliyeusikia ufalme huo.

Kisha liko neno "dala". Kizazi kilichokuwa mijini katika miaka ya 1980 kinakumbuka kwamba shilingi tano ziliitwa dala, na kwamba mabasi madogo ya Dar es Salaam yalipata jina la daladala kwa nauli hiyo. Asili inayotolewa kwa kawaida ni dollar ya Kiingereza. Asiyejua huuliza dollar na shilingi tano zina uhusiano gani. Jibu ni kwamba Waingereza walikuwa na sarafu ya shilingi tano, nao katika lugha ya mitaani waliiita dollar. Na jina rasmi la sarafu hiyo ya shilingi tano lilikuwa "crown", yaani taji! Daler na krona, zilizoachana Skandinavia mwaka 1873, zilikuwa zimeishi pamoja katika sarafu moja ya Kiingereza. Na utingo wa Kariakoo aliyeita "dala! dala!" alikuwa akilitaja bonde la Bohemia bila ya habari.

Waswidi walitia mbele ya daler kiambishi "riks", ambacho maana yake ni "ya dola", yaani ya milki au ya nchi. Anayetaka kuitafsiri riksdaler kisisisi atajikuta ameandika "dola ya dola", ya kwanza ikiwa ya Marekani na ya pili ya Kiarabu. Twasema haya kwa mzaha kidogo, lakini mzaha huu unaonyesha hatari ya kutafsiri jina la fedha vipande vipande.

Uswidi ilikuwa na shaba nyingi kuliko fedha, na mwaka 1644 ilianza kufua daler kwa mabamba ya shaba. Bamba moja la daler 10 lilikuwa na uzito wa karibu kilo 20. Mtu aliyekwenda sokoni na mabamba mawili alihitaji punda. Haishangazi kwamba ni katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1661, benki ya Stockholm iliyoongozwa na Johan Palmstruch ilitoa noti za kwanza za karatasi katika Ulaya. Benki hiyo haikudumu, lakini wazo lake limedumu.

Chini ya daler ilikuwako "skilling". Hapa msomaji atakuwa amekwisha kumtambua ndugu yake. Skilling ya Kaskazini na shilling ya Kiingereza ni neno moja la kale la makabila ya Kijerumani. Wataalamu hawajapatana juu ya mzizi wake: wako wanaolihusisha na kitenzi cha kupasua, kwa kuwa pete au fito za dhahabu zilikatwa vipande ili kulipia, na wako wanaolihusisha na ngao. Uswidi iliiacha skilling mwaka 1855, na Denmaki na Norwe ziliiacha zilipoingia katika krona. Huku kwetu shilingi ilianza kuwa fedha rasmi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na tangu mwaka 1966 Tanzania ina shilingi yake yenyewe. Neno ambalo wenyewe walilizika karne ya 19 linaendelea kuishi kwetu kwa afya njema.

Kuna kumbukumbu moja ya skilling ambayo wakusanyaji wa stempu wanaijua. Mwaka 1855 Uswidi ilitoa stempu zake za kwanza, na ile ya skilling tatu ilikuwa ya rangi ya kijani. Kwa kosa la wapiga chapa nakala moja ilitoka ya manjano, na ndiyo moja peke yake inayojulikana hadi leo. Mwaka 1996 iliuzwa kwa mnada huko Zurich kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 2.8. Tunaitaja kwa sababu ya onyo. Uswidi na Uswisi hutenganishwa na herufi moja, na tumekwisha kuona katika chapa krona za Uswisi na faranga za Uswidi, vitu ambavyo havimo duniani. Msahihishaji wa chapa na azitazame herufi hizo mbili kwa macho makali kuliko kawaida.

Tukirudi nyuma zaidi, kabla ya skilling na daler, tunakuta watu wa Kaskazini wakipima fedha kwa mizani badala ya kuhesabu sarafu. Kipimo kikubwa kiliitwa "mark", nacho katika Norwe ya kale kilikuwa na uzito wa gramu kama 214. Mark moja iligawanyika katika "aurar" nane, na moja ya aurar iliitwa "eyrir". Ni mgawanyo wa kupendeza kwa mfua fedha, kwa kuwa nane hukatika nusu kwa nusu mara tatu bila ya kuacha chembe.

Neno "eyrir" ndilo lililozaa "öre" ya Waswidi na "øre" ya Denmaki na Norwe. Nalo, kwa maoni ya wengi wa wanaisimu, limetokana na Kilatini "aureus", yaani "ya dhahabu". Sarafu za dhahabu za Warumi zimefukuliwa kwa wingi katika visiwa vya Öland, Gotland na Bornholm, na pamoja na sarafu hizo likaja jina. Tuangalie basi jina hili lilivyoshuka cheo. Lilianza likiwa dhahabu ya Kaizari. Likawa uzani wa fedha. Mwishowe, katika mapatano ya mwaka 1873, likawa sehemu ya mia ya krona, kisarafu cha shaba cha kununulia kiberiti. Siku hizi hata kisarafu hicho kinatoweka. Uswidi iliiondoa sarafu ya öre 50, iliyokuwa ya mwisho, mwaka 2010, na Norwe ikafanya vivyo hivyo mwaka 2012. Denmaki bado inayo yake. Katika Kidenmaki "øre" ina balaa nyingine, kwani herufi hizo hizo ni jina la sikio. Wenyewe hutofautisha kwa ngeli: sikio ni "et øre", na fedha ni "en øre". Mtafsiri mwenye kamusi mkononi asiyejali ngeli anaweza kuandika kwamba mkate uligharimu masikio hamsini.

Sarafu ndogo kabisa ya zamani hizo ilikuwa "penning", ndugu wa "penny" ya Kiingereza na "pfennig" ya Kijerumani. Neno hilo limefanya safari ambayo Mswahili ataielewa mara moja. Wingi wake, "penningar", ulifupishwa katika Kiswidi ukawa "pengar", na leo pengar si sarafu ndogo tena bali ni fedha zote kwa jumla, za kila aina na za kila nchi. Kwetu vivyo hivyo. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba iliyotoka Bara Hindi. Hela ilikuwa heller, sehemu ya mia ya rupia katika fedha za Wajerumani kuanzia mwaka 1904, na jina lake lilitokana na mji wa Hall katika nchi ya Ujerumani ya kusini. Zote mbili zimekufa zikiwa sarafu, zikafufuka zikiwa jina la utajiri wote. Inaonekana wananchi wa pande zote hulichukua jina la fedha kutoka kwenye sarafu waliyoishika mkononi kila siku, na hiyo aghalabu ni ile ndogo. Hakuna anayesema "sina krona" kwa maana ya kwamba yeye ni maskini, akiwa ana neno la pengar.

Ufini yafaa itajwe kando, kwa kuwa lugha yake si ya ukoo wa Kiswidi na historia yake ni nyingine. Neno la Kifini la fedha kwa jumla ni "raha". Msomaji asicheke: halina uhusiano na starehe, bali asili yake ni ngozi ya mnyama mwenye manyoya, kwa maana ngozi za kuchakulo zilikuwa fedha za watu wa misitu kabla ya kuiona sarafu. Tangu mwaka 1809 Ufini ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na mwaka 1860 iliruhusiwa kuwa na fedha zake, kipimo kimoja kikiwa sawa na robo ya rubo. Kipimo kilipatikana kwanza, na jina lake likatafutwa baadaye. Watu walialikwa kupendekeza. Mmoja alitaka "sataikko", kitu chenye sehemu mia. Mwingine alitaka "suomo", kutokana na "Suomi", jina ambalo Wafini wenyewe huiita nchi yao. Mwingine alipendekeza "omena", yaani tofaa. Lililoshinda lilikuwa "markka", nalo ni ile mark ya kale ya uzani iliyotiwa sauti za Kifini, na chini yake penni mia moja. Huu ulikuwa wakati ambapo Wafini walikuwa wakiipigania lugha yao ipate nafasi katika mambo ya serikali, na amri ya mwaka 1863 iliahidi kuipa haki sawa na Kiswidi. Hata hivyo katika jina la fedha hawakuchagua neno lililobuniwa upya kwa ufundi. Walichagua lililokuwa limekwisha kukaa vinywani kwa karne nyingi, ingawa asili yake ilikuwa ya kigeni. Sisi tuliokaa katika vikao vingi vya kubuni istilahi twakiri kwamba tunaisoma habari hiyo kwa kujifunza. Markka ilidumu hadi mwaka 2002, yuro ilipoanza kushikwa mkononi. Na sehemu ya mia ya yuro Wafini huiita "sentti", hatua moja tu kutoka senti yetu.

Sasa turudi katika mkataba wa zahanati. Je, krona iitwe taji? Wanaotetea tafsiri hii wana hoja, na si vema kuwadharau. Wafaransa huiita "couronne", Wahispania "corona", na Wafini "kruunu". Yote hayo ni majina ya taji katika lugha zao. Kwa nini Kiswahili kisifanye hivyo? Jibu letu ni kwamba lugha hizo zimelipokea neno hilo kutoka katika kisima kile kile cha Kilatini. Mfaransa asemapo couronne hatafsiri hasa, bali anamwita jamaa yake kwa matamshi ya kwao. Taji letu ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia nyingine, na halijawahi kuwa jina la fedha katika pwani hii. Pia maana yenyewe imekwisha kufifia hata kwa wenyewe. Aislandi iliacha ufalme mwaka 1944 ikawa jamhuri, lakini króna yake haikubadilishwa jina. Wacheki hawana mfalme na fedha yao ni koruna. Waestonia hawakuwa na mfalme, na fedha yao kabla ya yuro ilikuwa kroon. Kama wananchi wa jamhuri hawalisikii taji katika jina la fedha zao, hatuna haki ya kuwavika sisi.

"Korona" tunalikataa bila kusita, kwani tangu mwaka 2020 jina hilo limetwaliwa na ugonjwa. Ni kweli kwamba ugonjwa nao umeitwa kwa taji lile lile la Kilatini, kwa umbo la kirusi chake, lakini hakuna mhasibu atakayependa kuandika kwamba kijiji kimepokea korona. "Kroni" lina uzuri wa kufuata mfano wa shilingi, ila hatuoni lilikopata irabu yake ya mwisho. Maneno ya asili yanakwisha kwa irabu tayari, na konsonanti mbili za mwanzo hazitusumbui sisi tunaoandika Kristo na Krismasi.

Kwa hiyo twapendekeza "krona" kwa Uswidi na Aislandi, na "krone" kwa Denmaki na Norwe, yote mawili katika ngeli ya shilingi na dola, bila ya mabadiliko katika wingi: krone moja, krone elfu. Anayekuta "kronor" katika hati moja na "kroner" katika nyingine asidhani kwamba o na e za mwisho ni makosa ya chapa; ni alama ya nchi. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba umbo moja lingetosha kwa nchi zote, na huenda wananchi wakampa ushindi yeye. Lakini katika hilo moja sote tulikubaliana: jina la nchi lisiachwe kamwe. Tofauti ya irabu moja haiwezi kubeba mzigo wa tofauti ya thamani, na mikataba inapokuwa ya wafadhili wawili ni bora kuongeza vifupisho vya kimataifa, SEK kwa Uswidi, NOK kwa Norwe, DKK kwa Denmaki na ISK kwa Aislandi. Sehemu ya mia iandikwe "ore" na isiitwe senti, maana senti ni ya shilingi, ya dola na ya yuro. Katika vitabu vya historia "daler" yaweza kuandikwa "dala", neno tunalo, mradi mwalimu aeleze mara moja kwamba si shilingi tano.

Nakala ya mkataba tuliirudisha ikiwa na maneno "krona za Uswidi 400,000" katika kurasa zote tatu. Mhasibu alitia sahihi siku hiyo hiyo, kisha akauliza ni shilingi ngapi. Tulimwelekeza benki.